Siku nane melini na dishi lililokataa kutulia

Nimerudi nyumbani wiki iliyopita na ndo nimepata muda wa kukaa na notibuku na picha za kwenye simu, niipange hii safari siku kwa siku kabla haijanitoka kichwani. Kazi yenyewe ilikuwa moja: meli ya mizigo, dishi la setelaiti la mita 1 ndani ya kuba jeupe juu ya paa la chumba cha usukani, na malalamiko ya miezi kadhaa kwamba intaneti inakatika bahari ikichafuka. Mafundi waliotangulia walilikagua bandarini wakakuta liko salama. Mi nikaomba nisafiri nalo, kwa sababu ugonjwa wa baharini huwezi kuupima ukiwa umefunga kamba gatini.

Siku ya 1. Bandarini, latitudo 30 kusini

Tulikuwa tuondoke asubuhi tukaondoka jioni, rubani wa bandari alichelewa, kwa hiyo nikapata nafasi ya kupanda juu mara moja. Ngazi nne, ya mwisho iko nje kabisa ubavuni mwa mlingoti wa rada, upepo unakupiga mgongoni. Serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, mzee mmoja mtulivu ambaye ameishi baharini kuliko mimi nilivyoishi duniani, alikataa katakata nisipande peke yangu. "Mwanangu, huku juu mtu hapandi bila mwenzake," akanifunga mkanda mwenyewe akauvuta mara mbili.

Kwa atakayefuata: rada zizimwe, transmita ya dishi (kifaa kinachorusha mawimbi) izimwe, kibao cha onyo kining'inizwe kwenye swichi, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe unayeingia, usimwachie mtu. Usisimame mbele ya dishi linalorusha mawimbi hata sekunde moja.

Ndani ya kuba joto kali na harufu ya grisi. Nilipewa dakika 20 tu, maana ofisa alitaka rada yake kabla rubani hajafika. Nikapiga picha kila kitu: mikanda, mota, nyaya, na transmita ambayo ilionekana mpya kuliko vitu vingine vyote mle ndani. Hiyo picha ya transmita nitairudia. Signali ilikuwa safi kabisa, haitingishiki.

Siku ya 2. Latitudo 27, dishi limeinuka digrii 58 kutoka upeo wa macho

Usiku tulitoka kwenye kivuli cha nchi kavu na mawimbi ya ubavuni yakatupokea. Meli ikaanza kwenda mrama, digrii 12 kulia, digrii 12 kushoto, na kwenda na kurudi inachukua sekunde 11. Nililipima hili kwa saa ya mkononi nikiwa nimeshika nguzo, nikapima tena na tena mpaka nikaridhika. Ukipiga hesabu, meli ikipita katikati inakuwa inageuka karibu digrii 7 kwa sekunde. Sasa weka hilo kando ya hili: mwale wa dishi la mita 1 kwenye masafa ya redio linayotumia una upana wa kama digrii 1.5 tu, na setelaiti yenyewe iko kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Dishi likichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde kufidia mwendo wa meli, limeshapotoka digrii 0.7, yaani mwale umeshaanza kumwagika pembeni.

Na pembeni kuna wenyewe. Setelaiti jirani huwa mara nyingi digrii 2 au 3 tu kutoka ya kwako, ukipotoka unaanza kumpigia kelele mtu mwingine. Ndo maana mwaka 2003 mkutano wa dunia wa masafa ya redio ulipitisha azimio namba 902 linaloitaka antena ya namna hii melini isipotoke zaidi ya digrii 0.2. Na mitambo mingi inapangwa hivi: dishi likipotoka nusu digrii, transmita inajizima yenyewe mpaka dishi lirudi mahali pake.

Hapo ndo nikaelewa lile lililokuwa linawachanganya mabaharia. Walikuwa wanaangalia skrini, wanaona signali ipo, imepungua kidogo tu, lakini intaneti imekufa. Wakasema setelaiti mbovu, wengine wakasema mawingu. Kumbe kupokea bado wanapokea, kurusha ndo kumezimwa, kunazimwa na kuwashwa kila meli inapolala ubavu.

Jioni nilikaa na laptopu chumba cha usukani nikiandika kiwango cha signali na ulalo wa meli bega kwa bega. Michoro miwili ikapanda na kushuka pamoja kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mawingu hayana sekunde 11.

Halafu ofisa wa pili akasema neno dogo ambalo lilikuwa na thamani kuliko michoro yangu yote. Akasema, "Fundi, lakini tulipokuwa tunakwenda mashariki mwezi uliopita, bahari ilikuwa mbaya kuliko hii na intaneti haikukatika." Nikamwuliza mara tatu kama ana uhakika. Akafungua daftari la meli akanionyesha.

Sikulala vizuri, nikawa nalifikiria hilo.

Siku ya 3. Latitudo 22, digrii 64

Bahari haikuruhusu mtu kupanda, siku nzima ikapita hivo hivo, mpishi akaniwekea sahani yangu ikiwa imefunikwa maana wakati wa chakula nilikuwa kitandani nimeshika kingo.

Ila kichwa kilifanya kazi. Ngoja nieleze, kwa sababu hapa ndo penye utamu wote.

Dishi la melini linafanya kazi mbili ambazo watu wanazichanganya. Kazi ya kwanza ni kutulia, ya pili ni kutafuta. Kutulia maana yake meli iende inakotaka na dishi libaki vile vile angani, na hiyo inafanywa na jairo ndogo tatu zilizofungwa kwenye kiti cha dishi, zinahisi mgeuko wowote na kuziambia mota zigeuze kinyume. Kutafuta ni jambo la polepole: dishi linachora kaduara kadogo kuzunguka shabaha, linaona upande gani signali inaongezeka, linajisogeza huko. Kaduara haka hakawezi kushindana na wimbi, kenyewe ni kwa ajili ya kurekebisha jairo zinapohama taratibu. Kama kutulia kumeshindikana, kutafuta hakukusaidii chochote.

Kuna na sensa ya mteremko inayolijulisha dishi chini ni wapi, na yenyewe inadanganyika. Fikiria ndoo ya maji ndani ya gari linalofunga breki, maji yanainama wakati gari liko barabara tambarare. Kule juu, mita kama 25 kutoka pale meli inapozungukia, ule msukumo wa kwenda na kurudi ulikuwa unatosha kuidanganya sensa karibu digrii 10. Kwa hiyo sensa inasikilizwa kwa wastani wa muda mrefu tu, wimbi moja moja linaachiwa jairo.

Sasa turudi kwa ofisa wa pili. Tuko kusini mwa Ikweta, setelaiti iko karibu kaskazini kwetu. Tukienda kaskazini dishi linaangalia omo, yaani mbele ya meli. Meli ikienda mrama, anayefidia ni mhimili wa ubavu, ule unaolilaza dishi kulia na kushoto. Lakini tukienda mashariki dishi linaangalia ubavuni mwa meli, na ule ule mrama unaangukia mhimili mwingine, wa kuinua na kushusha. Bahari ile ile, meli ile ile, mota nyingine. Kwa hiyo setelaiti haina kosa, jairo hazina kosa, mawingu hayamo. Ugonjwa uko kwenye mhimili mmoja tu.

Nikatoa simu nikaitazama ile picha ya transmita mpya. Imefungwa upande wa kulia wa dishi. Upande wa kushoto hakuna kitu.

Ushauri ninaompa kila mtu anayetumwa kazi kama hii: kabla hujagusa spana, muulize anayeshika zamu ya usiku meli ilikuwa inaelekea wapi siku ilipokatika, na siku ambayo haikukatika. Andika pembe zote.

Siku ya 4. Latitudo 17, digrii 70

Nilimweleza Kapteni asubuhi. Nikamwambia nahitaji dakika 40 meli isiende mrama, kwa sababu kipimo ninachotaka kufanya kinahitaji umeme uzimwe na dishi liachiwe huru. Kubadili mwelekeo wa meli ya mizigo ni mafuta na ni muda, na ratiba haikuwa ya kwake peke yake. Akaangalia bahari, akaangalia ramani, akasema atanipa saa nzima. Saa 4 asubuhi akageuza omo ikayaelekea mawimbi na kupunguza mwendo, na ule mrama ukaisha kama mtu aliyenyamazishwa. Sitamsahau yule mtu.

Tukapanda mimi na serahangi na fundi umeme. Tulizima kila kitu, tukaachia breki za mota. Kipimo chenyewe hakina teknolojia yoyote: unalishika dishi kwa mikono miwili, unaliweka pembe yoyote, unaliachia taratibu. Dishi lililosawazishwa linabaki pale ulipoliacha. Unaliweka pengine, linabaki. Kwenye mhimili wa kuinua likabaki, pembe zote nilizojaribu. Kwenye mhimili wa ubavu, nilipoondoa viganja tu likaanza kuanguka kulia, polepole mwanzoni halafu kwa uzito, mpaka likagonga mpira wa mwisho wa njia yake. Nikalirudisha. Likaanguka tena. Serahangi akasema kwa sauti ya chini, "Limebeba mtoto upande mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Transmita ya zamani iliharibika, ikabadilishwa, mpya ikawa nzito zaidi, na aliyeifunga hakuongeza uzito upande wa pili. Hesabu za karatasi ya kifaa zilionyesha tofauti ya kilo 1.8.

Watu wengi wanadhani mota ndo inalituliza dishi. Dishi lililosawazika linajituliza lenyewe, kwa uzito wake mwenyewe, meli inazunguka chini yake na mota inalipa tu deni la msuguano wa mikanda na beringi. Likielemea upande, mota inakuwa imeshabeba mzigo hata bahari ikiwa kioo. Wimbi likija na kutaka digrii 7 kwa sekunde, mota haina nguvu ya ziada ya kutoa, inachelewa, na kuchelewa ndo ile digrii 0.7. Bandarini huwezi kuliona hili kwa sababu kubeba inabeba, ina nguvu za kutosha kusimama tu.

Transmita ilikuwa sentimita 30 kutoka katikati ya mhimili, na upande wa kushoto kulikuwa na matundu ya boliti sentimita 45 kutoka katikati. Kwa hiyo kilo 1.8 mara 30, gawanya kwa 45, unapata kilo 1.2. Chuma kilikuwepo karakana ya chini, mizani haikuwepo. Aliyetuokoa ni mpishi, alitoa mizani yake ya jikoni, akaifunga nailoni isipate mafuta, akasimama mlangoni kuangalia jinsi tunavyopima vibamba vya chuma kimoja kimoja. Vibamba vitatu, kilo 1.2 na gramu chache.

Tulipanda mara ya pili zikiwa zimebaki dakika 15 za saa ya Kapteni. Nikafunga vibamba, nikaliachia dishi. Likabaki. Nikalilaza digrii 20 kushoto, likabaki. Digrii 20 kulia, likabaki, likitikisika kidogo tu na pumzi ya meli. Fundi umeme akapiga makofi mle ndani ya kuba, sauti ikarudi kutoka kila upande.

Mkanda wa mhimili ule nao ulikuwa umelegea kwa kazi ya miezi yote hiyo, nikaukaza. Mkifanya kusawazisha, mfanye kabla ya kukaza mkanda, la sivyo msuguano wa mkanda utaficha kosa na mtadhani mmemaliza.

Siku ya 5. Latitudo 12, digrii 76

Kapteni alirudisha mwelekeo na mrama ukarudi, digrii 10, wakati mwingine 13. Kupotoka kukakaa chini ya digrii 0.2 mchana kutwa. Transmita haikuzimika. Nililala saa tisa mfululizo.

Siku ya 6. Latitudo 7, digrii 82

Jenereta moja ilizimika alfajiri na meli nzima ikawa giza kwa dakika mbili. Umeme uliporudi, dishi likaanza kutafuta upya na likatumia dakika 11 kuipata setelaiti, wakati lilitakiwa litumie moja au mbili. Hapo nikajua kuna jambo la pili limejificha.

Dishi likiwaka halijui kaskazini ni wapi. Linaambiwa na dira ya jairo ya meli, kupitia waya mmoja mwembamba. Likishaikamata setelaiti, kosa dogo la dira halionekani kwa sababu lile kaduara linalisahihisha. Lakini likianza upya linaanzia mahali ambapo dira imesema, na dira ikikosea linaanza kutafuta pasipo penyewe.

Ofisa wa pili akasema tusubiri machweo. Jua likikaribia kugusa maji akachukua pembe yake, akalinganisha na kitabu cha mahesabu, mi nimesimama pembeni nasoma saa. Dira ilikuwa imekosea digrii 0.8. Tukafungua kabati la dira, tukakuta kile kisahihisho cha mwendo kimewekwa sifuri. Dira ya jairo ya meli inayokwenda kaskazini au kusini inahadaika kidogo na mwendo wenyewe, na kwa mwendo wetu wa noti 12 na nusu (maili za baharini kwa saa), hesabu inakupa karibu kabisa hiyo hiyo digrii 0.8. Tuliweka mwendo na latitudo. Nikazima dishi nikaliwasha tena makusudi: sekunde 70.

Usiku ofisa wa pili akanionyesha jinsi ya kushika pembe ya nyota. Ni mtu mkarimu wa maarifa, alinipa saa mbili za usingizi wake.

Siku ya 7. Latitudo 2, halafu Ikweta

Hii siku niliisubiri tangu bandarini. Ukikaribia chini ya setelaiti, dishi linaangalia juu kabisa, mchana tulikuwa digrii 87. Hapo mhimili wa kuzunguka, ule unaoligeuza dishi pande zote za dira, unakosa maana. Mtu anayeangalia nyota iliyo utosini akigeuka huku au huku, nyota iko pale pale, lakini nyota ikisogea kidogo tu inabidi azunguke nusu duara kuifuata. Dishi lenye mihimili miwili tu hapa linachanganyikiwa, linazunguka kwa kasi na linaipoteza. Lenye mhimili wa ubavu linaokoka, kwa sababu ubavu na kuinua vinagawana kazi na mzunguko unaachwa utulie. Yaani mhimili ule ule uliokuwa mgonjwa ndo sasa umebeba safari yote.

Saa 3 na nusu usiku tukakata Ikweta. Digrii 88. Nilikuwa mbele ya skrini na watu sita nyuma yangu, hakuna aliyesema kitu. Mhimili wa mzunguko ulitambaa taratibu kutoka kaskazini kwenda mashariki, tukiiacha setelaiti upande wa kulia kwa digrii moja na nusu, ukaendelea kurudi nyuma kuelekea tezi, yaani nyuma ya meli. Mhimili wa ubavu ukawa unakwenda na kurudi, sekunde 11, sekunde 11. Signali haikushuka hata desibeli moja. Mwangaza wa polaraizesheni, yaani mkao wa mawimbi ya redio, wima au mlalo, nao ulibaki kijani, na hapo utosini ndo huwa unaponzwa kirahisi, maana kosa lolote la dira linageuka kosa la polaraizesheni moja kwa moja.

Kama unapita Ikweta karibu na setelaiti yako, usipange kazi ya kuzima na kuwasha mtambo siku hiyo. Kuipata upya ikiwa utosini ni kazi ngumu zaidi ya kuishikilia.

Kijana mmoja wa injini alikuwa anaongea na mama yake kwa video muda wote tunaokata mstari. Ile sauti ilikuwa inachelewa robo sekunde kwenda na robo kurudi, safari ya kupanda mpaka setelaiti na kushuka, na mama alikuwa anajibu swali la kwanza wakati yeye ameshauliza la pili. Wakacheka wote wawili.

Siku ya 8. Latitudo 3 kaskazini

Sasa dishi linaangalia nyuma. Asubuhi nilipanda mara ya mwisho kukagua boliti. Nikamkuta serahangi ameshatangulia na mwenzake, ana kikopo cha rangi nyeupe na brashi ndogo. Vile vibamba vitatu amevipaka rangi visishike kutu, na juu yake ameandika kwa mkono, kwa herufi kubwa: KILO 1.2, USITOE, PIMA UKIBADILI TRANSMITA. Nikashika ngazi nikasubiri rangi ikauke ndo nikapiga picha.